Nitajuaje kwamba gari nililoliona barabarani ni adimu kweli?

"Ninafundisha shule ya msingi karibu na Tororo, na kila asubuhi napita kwa bodaboda kwenye barabara kuu itokayo Malaba. Nimependa magari tangu utotoni, na kwa miaka miwili sasa naandika katika daftari kila gari la ajabu ninaloliona. Mwezi uliopita lilipita gari dogo la kijani lenye uso wa Jaguar la zamani, taa za mviringo na grili inayong'aa, lakini lilikuwa fupi mno na dashibodi yake ilikuwa ya kisasa. Wenzangu wakasema ni gari bandia lililoundwa na mafundi wa Katwe, ule mtaa wa gereji mjini Kampala. Baadaye, nikiwa Kampala, nikaona Nissan Skyline lenye nembo ya GT-R ndani ya gereji, na fundi akaniambia yamebaki machache duniani. Sasa mzee mmoja jirani yangu anataka kuniuzia pikapu yake, Peugeot 404, akisema ni adimu na bei yake itapanda kila mwaka. Nitajuaje lipi ni adimu na lipi ni maneno tu? Tena ninapopiga picha watu hunitazama kama mwizi. Nifanyeje?"

Mwalimu, nianze na lile gari dogo la kijani, kwa sababu hilo ndilo ambalo wenzako hawakulitendea haki. Kwa jinsi ulivyolieleza, uso wa Jaguar la zamani uliokaa juu ya kiwiliwili kifupi chenye dashibodi ya kisasa, nina karibu hakika kwamba uliona Mitsuoka Viewt. Si Jaguar, wala si kazi ya Katwe, ingawa mafundi wa Katwe nawaheshimu sana na nimewahi kuwaona wakifufua bodi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaikatia tamaa. Mitsuoka ni kampuni ndogo ya Toyama, Japani, ambayo huchukua magari ya kawaida ya watengenezaji wakubwa, ikaondoa uso na mgongo wake, ikayavika sura nyingine. Viewt lilianza kuuzwa mwaka 1993, na chini ya nguo zake ni Nissan March, ile ya mviringo ambayo kiwandani huitwa K11. Sura waliyoivika ni ya Jaguar Mark 2, saluni ya Kiingereza iliyotengenezwa kati ya 1959 na 1967.

Siku ukiliona tena, lifunike kwa macho: ondoa pua, ondoa na mkia, kisha utazame kilichobaki katikati. Milango ni ya March, paa ni la March, vioo vya pembeni ni vya March, na ukichungulia ndani utakuta dashibodi ya March. Ndiyo maana jicho lako lilikuambia kwamba kuna kitu hakikubaliani na kingine. Jicho lako liliona sawa. Ulikosa jina tu. Kuliita bandia ni makosa, kwa sababu bandia ni kitu kinachojidai kuwa kitu kingine ili kimdanganye mnunuzi, ilhali Viewt liliuzwa wazi kwa jina lake na kwa nembo ya kampuni yake.

Hapo ndipo penye mzizi wa swali lako lote. Watu wengi, na baadhi yao ni mafundi wa miaka mingi, huchanganya ajabu na adimu. Gari la ajabu ni lile linalokugeuza shingo. Gari adimu ni jambo la hesabu, na hesabu hiyo ina sehemu tatu ambazo hazifanani: yalitengenezwa mangapi, yalifika mangapi mahali ulipo, na yamebaki mangapi yanayotembea. Gari linaweza kuwa adimu kwa sehemu moja na la kawaida kabisa kwa nyingine, na mabishano mengi ya kijiweni hutokea kwa sababu mmoja anazungumzia sehemu ya kwanza na mwenzake anazungumzia ya tatu, wala hakuna anayemwambia mwenzake.

Chukua mfano wa Nissan Figaro, gari lingine dogo lenye sura ya kale ambalo mtu huweza kudhani ni la miaka ya 1950. Lilitengenezwa mwaka 1991, jumla ya magari 20,000 tu, kwa rangi nne zilizokusudiwa kuwakilisha majira manne ya mwaka ya Japani, na waliolitaka walikuwa wengi kiasi kwamba wanunuzi walichaguliwa kwa bahati nasibu. Sasa liweke karibu na pikapu ya jirani yako. Magari ya Peugeot 404 ya kila aina yaliyotengenezwa duniani yalikaribia milioni 2.9. Kwa hesabu ya kiwandani, 404 haina uadimu wowote. Lakini simama kando ya barabara yako ya Malaba kuanzia alfajiri hadi magharibi, uhesabu 404 zitakazopita kwa nguvu zake mwenyewe, bila kuvutwa wala kubebwa. Mimi nimesimama katika barabara za mashariki siku nzima bila kuona hata moja.

Sehemu ya pili, yaani idadi iliyofika hapa, ina historia yake na ina sheria yake. Magari mengi tunayoendesha Uganda yalitumika kwanza Japani, yakashushwa Mombasa, yakapanda barabara hiyo hiyo unayoipita kwenda shuleni. Mwaka 2018 sheria ya usalama barabarani ilirekebishwa, na tangu hapo gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa haliruhusiwi kuingizwa nchini. Fikiria maana yake kwa mtu mwenye daftari kama lako. March K11 lilikoma kutengenezwa Japani mwaka 2002, kwa hiyo hakuna Viewt la aina ile litakaloweza kuingia tena kusajiliwa hapa. Yaliyomo ndiyo hayo hayo. Kila moja linalogongwa au kuoza nyuma ya gereji linapunguza idadi ambayo haina namna ya kuongezeka. Kenya wana kikomo kikali zaidi cha miaka minane, na ndiyo sababu jirani zetu wa Busia ya upande wa pili huona kwenye magari yetu sura ambazo kwao zimeanza kupotea.

Kwa hiyo mahali unapoishi ni neema kwa mtu wa mapenzi yako. Barabara ya Malaba hupitisha magari ya Uganda, na hupitisha pia magari yanayokwenda Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, ambayo huenda usiyaone tena maishani mwako kwa sababu hupita mara moja tu. Unapoandika, tenganisha gari linaloishi hapa na gari la safari. Ukilijumlisha la safari na yetu, daftari lako litasema uongo bila wewe kukusudia.

Tuje sasa kwa Skyline na ile nembo ya GT-R, ambayo ni ya toleo lake lenye nguvu zaidi. Fundi aliyekuambia kwamba yamebaki machache duniani huenda alikuwa na nia njema, lakini alisoma nembo, na nembo ni kipande cha plastiki kinachobandikwa kwa gundi. Mtu yeyote anaweza kununua nembo. Kinachosema kweli ni bamba la chuma lililo chini ya boneti, mara nyingi kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, pamoja na namba ya fremu iliyogongwa kwenye bodi yenyewe. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Ulaya na Marekani. Yana msimbo mfupi wa aina ya gari, kistari, kisha namba ya mfululizo. Msimbo huo mfupi ndio unaotufungulia kila kitu.

Nawe umekwisha kuusoma maisha yako yote bila kujua. Corolla ambayo kila mtu nchini humu huiita Kikumi ilipata jina hilo kutokana na msimbo wake, AE100, kwa kuwa kikumi kwa Kiganda ni mia. Mtaa wetu uliacha jina la kwenye nembo ukachukua namba ya kiwandani, jambo ambalo mimi naona lilikuwa busara kubwa. Katika msimbo huo A ni ukoo wa injini, E ni ukoo wa Corolla, na 100 ni kizazi chake. Ukishaelewa hilo, Toyota nyingine zinafunguka zenyewe. Mark II ya GX100 na Mark II ya JZX100 zina bodi moja, milango ile ile, taa zile zile. Herufi za mwanzo pekee ndizo zinazokuambia kwamba ya kwanza ina injini ya ukoo wa 1G na ya pili ina injini ya ukoo wa JZ. Hata hapo usisimame. Soma mstari wa injini kwenye bamba: ikiwa imeandikwa 1JZ-GE, hiyo ni injini nzuri isiyo na tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu), ikiwa ni 1JZ-GTE, ina tabo, na herufi T iliyopenyezwa katikati ndiyo inayotofautisha gari la familia na gari ambalo vijana wa mbio husafiri wilaya tatu kwenda kulitazama.

Nilijifunza hili kwa gharama ya mtu mwingine, na bado linaniuma. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana wa kukagua magari kwa ajili ya wanunuzi katika bondi moja, yaani yadi ya kuuzia magari, mjini Kampala, nilimwambia mteja kwamba Mark II aliyoipenda ilikuwa ile yenye tabo. Niliona nembo, nikaona rimu, nikaona viti, nikaridhika. Boneti sikuifungua mpaka alipokuwa amekwisha kulipa, na bamba likasema GX100. Muuzaji hakurudisha fedha. Tangu siku hiyo sijawahi kutamka jina la gari la mtu kabla ya kusoma bamba lake, na sitaki wewe wala mtu yeyote anayesoma jibu hili apitie njia hiyo.

Kwa Skyline la kizazi cha R32, msimbo wa GT-R halisi ni BNR32. B ni injini ya RB26, silinda sita za lita 2.6 zenye tabo mbili. N inaonyesha kwamba magurudumu yote manne yanasukumwa na injini. R ni Skyline. 32 ni kizazi. Ukikuta HCR32, hilo ni Skyline la injini ya lita 2, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, gari zuri na la kupendeza, lakini si GT-R hata kama limebandikwa nembo tatu. Kuna jaribio jingine ninalolipenda, nalo lifanywe kwa ruhusa ya mwenye gari tu: R32 GT-R lilitoka kiwandani likiwa na boneti na madigadi ya mbele ya alumini, kwa hiyo sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa laini itashika mlango vizuri, lakini ikifika kwenye madigadi ya mbele itateleza. Ikishika kotekote, ama gari si GT-R ama limegongwa likabadilishiwa vipande.

Na idadi yake? Kati ya 1989 na 1994 zilitengenezwa BNR32 43,937. Huo si uchache wa kutisha. Ndani yake, hata hivyo, kuna toleo la NISMO la mwaka 1990 lililotengenezwa 560 tu, na hapo ndipo neno adimu linapopata uzito. Hali ni hiyo hiyo kwa Subaru, ambazo Uganda ni nyingi na zinapendwa kwa sababu ya mbio kama Pearl of Africa Rally. Kila mji una Impreza iliyopanuliwa madigadi na kupakwa bluu ili ifanane na 22B, toleo maalumu la Impreza la mwaka 1998, lakini 22B za soko la Japani zilikuwa 400 tu. Ukiambiwa umeiona Mbale, usikatae, ila omba kwa heshima kuliona bamba kabla ya kuandika.

Neno moja juu ya umri, kwa sababu huwapotosha wengi. Namba ya usajili ya Uganda inakuonyesha mpangilio wa gari kusajiliwa hapa, wala haikuambii mwaka wa kutengenezwa, na wenye fedha huweza kununua namba ya jina lao, ambayo haikuambii chochote. Ukitaka kukadiria umri ukiwa ndani ya gari kwa ruhusa, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, utazame kitambaa kilichoshonwa chini kabisa. Magari mengi ya Japani yana tarehe ya kutengenezwa kwa mkanda hapo, na mkanda hutangulia gari kwa muda mfupi tu. Msimbo nao husaidia: ukitanguliwa na herufi moja E na kistari, gari ni la miaka ya 80 au 90, ukitanguliwa na herufi tatu kama DBA, ni la kuanzia 2005.

Sasa pikapu ya mzee. Hapa naomba unisikilize kwa makini, Mwalimu, kwa kuwa hapa ndipo fedha zako zilipo.

Mzee hakudanganyi anaposema kwamba 404 inastahili heshima. Katika mbio za magari za Safari, ambazo miaka ile zilipita pia katika ardhi ya Uganda, 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yalianza magari 84, na matope yakayameza yote isipokuwa saba. La kwanza kati ya hayo saba lilikuwa 404. Mwaka 1968 yalimaliza saba tena, na 404 ikawa ya kwanza tena. Wazee wetu walioona hayo hawakuhitaji tangazo lolote. Waliinunua kwa sababu ilipita mahali ambapo mengine yalikwama. Ukifungua boneti utaona injini imelazwa upande kwa nyuzi 45, ili boneti ikae chini. Gia hubadilishwa kwa kijiti kilicho kwenye shingo ya usukani. Na kila kitu kinafikika kwa spana chache. Tena ujue kwamba Kenya waliendelea kuziunganisha 404 hadi 1991, kwa hiyo pikapu ya mzee inaweza kuwa changa kwa miaka mingi kuliko sura yake inavyodai. Bamba litakuambia.

Lakini uadimu hauzai bei peke yake. Bei huzaliwa pale watu wawili au zaidi wanapolitaka gari moja na wote wawili wana fedha. Peugeot 404 zimebaki chache Uganda, ni kweli, na wanaozitafuta ni wachache zaidi. Anayekuahidi kwamba bei itapanda kila mwaka anakuahidi kitu ambacho hana uwezo juu yake. Gharama, kwa upande mwingine, ina uhakika: spea za 404 hazikungoji katika soko la Kisekka kama zinavyokungoja za Kikumi. Utazitafuta kwa majina ya watu, utazikuta kwenye gari jingine lililokufa, au utamlipa fundi achonge. Ikiwa unaitaka kwa sababu unaipenda, una mahali pakavu pa kuilaza, na una gari au pikipiki nyingine ya kukufikisha kazini, basi unayo sababu ya kutosha. Ikiwa unaitaka kama akiba, tafuta akiba nyingine. Na ikiwa fedha zenyewe zitatoka kwenye mkopo wa sakosi ya walimu, nakusihi usikope. Gari la umri huo linaweza kusimama mwezi mzima likingoja kipande kimoja, ilhali makato ya mshahara hayasimami hata siku moja.

Ukiamua kuendelea, haya hayawezi kumalizwa kwa barua wala kwa picha. Nenda na fundi mtu mzima aliyewahi kufanya kazi na kabureta, maana vijana wengi hodari wa leo wamelelewa na kompyuta na hawana kosa kwa hilo. Mwambie alale chini ya gari, agonge sakafu na fremu kwa nyundo ndogo, hasa nyuma ya kibanda cha dereva ambako matope hukaa mwaka mzima. Chuma kizima hulia, kilichooza hukoroma. Linganisha namba ya chasisi na ile ya kwenye kitabu cha usajili, tarakimu kwa tarakimu, na uone kwamba jina lililoandikwa ni la mzee mwenyewe. Likiwa ni la marehemu ndugu yake, warithi wote wakae nanyi na waandike, kabla hujatoa hata shilingi. Kisha mpeleke gari kwa mkaguzi wa magari wa polisi. Kama mzee anakataa lolote kati ya hayo, shukuru kwa chai yake na uache.

Kuhusu macho ya watu, nakuelewa. Mtu anayezunguka gari la mwenzake akiandika namba ana sura ya mwizi au ya mdai wa mkopo, na mwenye gari ana haki ya kuogopa. Dawa yake ni salamu. Msalimie, mwambie kazi yako, mwambie kwamba gari lake limekuvutia, onyesha daftari lako. Kwa uzoefu wangu, kati ya wenye magari ya zamani ni nadra kumpata asiyefurahi kuulizwa, na wengi watafungua boneti kabla hujaomba. Akikataa, andika ulichokiona kwa macho uondoke. Ukimwonyesha mtu mwingine picha, ficha namba ya usajili na nyuso za watu. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi, na hata isingekuwapo, adabu ingetosha. Usipige picha kwenye yadi za forodha wala karibu na kambi za jeshi au magari ya vyombo vya usalama, hata kama ndani ya uzio kuna gari ulilolitafuta miaka kumi. Na tafadhali usimwambie dereva wa boda alifukuze gari. Mahali salama na penye faida zaidi ni pale magari yanapooshwa, kwa sababu pale gari limesimama, boneti mara nyingi i wazi, na mwenyewe amekaa kwenye benchi hana la kufanya.

Nikuombe jambo moja kuhusu daftari lenyewe. Umeniandikia kwamba unaandika magari ya ajabu. Andika pia yale ambayo hayamgeuzi mtu shingo: pikapu za Datsun 1200, Peugeot 504, Land Rover za zamani zenye bodi bapa, malori ya Bedford yenye kichwa cha mviringo. Hayo yalibeba pamba, samaki, wagonjwa na maharusi wa nchi hii, na ndiyo yanayoondoka kimyakimya zaidi. Niliwahi kufika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu nikakuta Land Rover ikikatwa kwa gesi. Upande mmoja wa mlango bado ulisomeka jina la misheni lililoandikwa kwa brashi, herufi nyeupe zilizotulia, na kijana mwenye moto alikuwa amefika kwenye herufi ya tatu. Nilimwomba anipe bamba la chasisi. Alinipa bure, kwa sababu halikuwa na uzito wowote kwenye mizani. Hakuna aliyekuwa ameandika popote kwamba gari lile lilikuwapo, na wala hakuna atakayekuja kujua lilizunguka vijiji vingapi.

Kwa hiyo kila unapoandika, weka tarehe, mahali, aina, rangi, namba ya kizazi ukiweza kuisoma, hali ya gari, linafanya kazi gani, na kama linaishi hapa au linapita. Ukizungumza na mwenyewe, andika alilipata wapi. Baada ya miaka miwili mingine utaanza kuona yale ambayo hayarudi.

Na lile Viewt la kijani, kama linaishi Tororo, litarudi. Siku mwenyewe atakapokuruhusu kufungua boneti, tafuta bamba la Nissan ukutani mwa injini. Mara nyingi utakuta K11 kwa injini ya lita moja, au HK11 kwa ile ya lita 1.3. Waite na wale wenzako waje wasome.